Kiangazi Kisicho cha Kibaoni: Uhakiki wa Istilahi za Majira katika Maandishi ya Bustani

Mwalimu mmoja anayesimamia bustani ya shule huko Kibaoni, Ifakara, aliniletea kijitabu kinachoeleza namna ya kupanda matunda, mboga na maua wakati wa joto. Kijitabu hicho kimefasiriwa kutoka Kiingereza. Pamoja nacho aliniletea swali fupi: Je, kilichokosewa humu ni kilimo au ni Kiswahili? Alikuwa amekifuata neno kwa neno. Kilimwambia kwamba kabichi na saladi zipandwe wakati wa vuli, naye akazipanda vuli. Kilimwonya kwamba nyanya hazizai kiangazi, kwa kuwa maua yake hupukutika kabla ya kufunga tunda, naye akayaacha matuta ya nyanya matupu kiangazi kizima. Kabichi zilitoa majani mengi na hazikufunga. Mbegu nyingi za saladi hazikuota, na miche michache iliyoota ilichanua ingali michanga, majani yakawa machungu. Nyanya za jikoni mwa shule zilinunuliwa sokoni, kwa watu waliozilima kiangazi kilekile alichoonywa asikilime.

Sitakitaja kijitabu hicho wala waliokitoa, maana kosa si lao peke yao. Mimi mwenyewe nimewahi kufasiri maandishi ya namna hiyo, na sina budi kuungama kwamba nilitumia maneno yaleyale bila ya kusita. Nilidhani nimefasiri. Kumbe nilikuwa nimeyahamisha majira ya nchi moja na kuyavika majina ya majira ya nchi nyingine, kisha nikamwachia mkulima alipe gharama.

Kwanza yafaa kukitendea haki kijitabu chenyewe. Kwa dalili zake zote kiliandikwa kwa ajili ya watu wa kusini mwa Marekani, mahali ambapo Julai na Agosti jua huunguza na usiku haupoi. Mafunzo yake ni mema na yamepimwa. Chataka udongo ufunikwe kwa majani makavu ili usipoteze maji. Chataka miche itiwe kivuli cha adhuhuri. Chataka maji yamwagwe alfajiri au jioni, tena kwa wingi na kwa nafasi, wala si kidogokidogo kila saa. Chaeleza mboga zipi hustahimili joto na zipi hulikimbia. Mambo hayo yote mkulima wa Kibaoni anayahitaji. Anayahitaji, lakini Novemba na Desemba na Januari. Mfasiri amempa mafunzo hayo kwa ajili ya Juni na Julai.

Tuangalie jinsi jambo hilo lilivyotokea. Mwandishi wa Kiingereza ana majira manne, na kila moja lina jina la neno moja. Mfasiri wetu naye alitaka maneno manne. Basi majira ya joto ya huko akayaita kiangazi. Majira ya majani kupukutika akayaita vuli. Majira ya baridi akayaita kipupwe. Na yale ya miti kutoa majani mapya, ambayo hayakupata mwenzake katika kalenda yetu, akayaita machipuko. Haya si maneno aliyoyabuni yeye. Yamezoeleka kwa miaka mingi katika vitabu vya shule na katika hadithi zilizofasiriwa, na wengi wetu tuliyapokea tukiwa madarasani. Katika hadithi hayana madhara makubwa. Mtu akisoma kwamba bibi fulani alikwenda London wakati wa kiangazi, hapana atakayechukua jembe kwa sababu ya sentensi hiyo. Kijitabu cha kilimo ni kitu kingine. Hapo jina la majira ni amri ya kazi.

Sasa tuuangalie mwaka wa Kibaoni wenyewe. Ifakara iko katika Bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, takriban mita 250 tu juu ya usawa wa bahari. Mvua za kwanza hushuka Novemba au Desemba. Kubwa hasa hunyesha Machi na Aprili, na mito ikajaa na kulifunika bonde. Mei mvua hupungua. Kuanzia Juni mbingu hutakata, maji hurudi nyuma taratibu, na nchi huingia katika kiangazi ambacho huendelea hadi Oktoba. Lakini Juni na Julai, ambayo ndiyo miezi ya mwanzo ya kiangazi, ndiyo pia miezi ya baridi kuliko yote katika mwaka wa bonde lile. Usiku mbingu ikiwa wazi joto la ardhi hupotea, na asubuhi majani hulowa umande. Joto huanza kupanda Septemba, na hufikia ukali wake mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa mvua. Kwa hiyo kiangazi cha Kibaoni kina pande mbili: upande wa baridi na upande wa moto. Atakayekifanya kiwe sawa na majira ya joto ya Wazungu amekosea nusu yake ya kwanza yote, na ameyaacha nje masiku ya joto yaliyomo ndani ya mvua.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Ndani ya kiangazi mna -anga, yaani nuru, weupe, kutakata kwa mbingu. Halina joto ndani yake. Wazee waliolitumia walikuwa wakitaja kuondoka kwa wingu, wala hawakuwa wakipima ukali wa jua kwenye ngozi. Jamii inayoishi kwa mvua hugawa mwaka wake kwa maji: yamekuja, yamezidi, yamekwisha. Jamii za kaskazini ya mbali huugawa kwa joto na baridi, maana huko baridi ndiyo inayoua mimea. Huo ni mgawanyo mwingine kabisa, na hakuna jina la mgawanyo mmoja litakaloingia katika mwingine bila ya kuvunjika.

Pwani nako wana kaskazi, kusi, kipupwe na demani, na baadhi ya wafasiri wameshauri kwamba kaskazi ndilo jina lifaalo kwa majira ya joto, kwa kuwa kwa hakika Desemba hadi Machi ndio wakati wa joto katika mwambao. Ushauri huo unakaribia ukweli kuliko kiangazi. Hata hivyo kaskazi ni jina la upepo, upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni, na mkulima wa bonde la bara haupangi mwaka wake kwa upepo huo. Tena lipo hatari ya kuchanganywa na kaskazini, nalo neno hilo lina balaa yake katika kijitabu hiki, kama nitakavyoeleza baadaye.

Nirudi kwenye nyanya. Mnyanya hupenda mchana wa joto la wastani na usiku wenye ubaridi kidogo. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, na hasa usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21 hadi 24, chavua hudhoofika, na ua huanguka pasipo kutunga. Hili ndilo alilolisema mwandishi wa asili, na ni kweli tupu. Lakini usiku wa namna hiyo Kibaoni si wa Julai. Julai ndio wakati ambao mnyanya hustawi vizuri pale, kwa sababu usiku ni baridi, na vilevile majani hayalowi mvua kutwa, hivyo magonjwa ya ukungu hupungua. Onyo lililokuwa la kweli kwa lugha moja limegeuka kuwa uongo kwa lugha nyingine, ingawa hakuna neno hata moja ambalo kamusi ingelikataa. Kosa la aina hii ndilo ninalolihofia zaidi, maana msanifu wa lugha akipitisha kalamu yake juu ya sentensi hiyo hataona ila.

Vuli imeleta hasara kubwa zaidi. Katika nchi ya mwandishi, majira yale yanayofuata joto ni wakati wa kupoa. Kabichi ikipandwa hapo hukua ikielekea baridi, ikafunga vizuri. Vuli yetu ni mvua za mwisho wa mwaka. Anayepanda kabichi Novemba huko Kibaoni anaipeleka moja kwa moja kwenye joto, tena joto lenye unyevu. Saladi ndiyo huumia kabisa: mbegu zake, udongo ukipita nyuzi 30 hivi, nyingi hukataa kuota, hata zikimwagiwa maji kila siku. Mwalimu wangu alidhani ameuziwa mbegu mbovu, na alikuwa tayari kumlaumu muuza duka. Huenda muuza duka yule hakuwa na hatia yoyote.

Wapo watakaonijibu kwamba istilahi hupendeza ikiwa neno moja, fupi, lenye kukumbukika, na kwamba sentensi ndefu si istilahi. Nakubali kanuni hiyo. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya 1967, kazi kubwa imefanywa kwa kuifuata, na lugha yetu imetajirika. Ila kanuni ya ufupi yahusu majina ya vitu vilivyopo. Majira ya joto ya Marekani hayapo Kibaoni. Kwa hiyo hakuna kitu cha kupewa jina. Kilichopo ni hali ya hewa, na hali ya hewa husemwa. Pendekezo langu ni kwamba katika maandishi yoyote yanayomwelekeza mtu kufanya kazi, kiangazi, masika, vuli na kipupwe viachwe vibaki na maana zake za hapa. Yanapotajwa majira ya nchi za mbali kama habari tu, yaitwe majira ya joto, majira ya baridi, na kadhalika, pamoja na jina la nchi. Na yanapotajwa ili mkulima afuate, mfasiri aseme hali inayotakiwa: usiku wa joto, udongo mkavu, mvua za mfululizo, kisha aongeze miezi ya mahali kitakaposomwa kijitabu. Kazi hii ya mwisho haifanywi mezani peke yake. Hapana budi mfasiri amuulize bwana shamba.

Majira ndiyo yaliyokosewa vibaya zaidi, lakini kijitabu kina maneno mengine yanayostahili kuguswa. Kinasema kwamba saladi wakati wa joto "hukimbia". Nilisoma mara tatu kabla ya kuelewa. Kwa Kiingereza mboga iliyotoa shina la maua kabla ya wakati wake husemwa kwa kitenzi ambacho pia ni cha farasi aliyetoroka, na mfasiri akamfuata farasi. Wakulima wetu husema mboga imetoa maua mapema, au imechanua kabla ya wakati, na hakuna asiyeelewa. Kadhalika twakuta "jua kamili", kana kwamba lipo jua pungufu, ilhali tunao usemi mzuri wa jua la kutwa. Twakuta miche "ikazwe" kabla ya kuhamishwa kutoka kitaluni. Kinachokazwa ni kamba. Miche huzoeshwa jua: maji hupunguzwa, kivuli huondolewa kidogokidogo kwa muda wa siku saba au zaidi, mpaka ivumilie hali ya shambani.

Ama kwa neno matandazo, kijitabu kimelitumia ipasavyo, nami nalisifu. Ni neno lililotokana na kitenzi cha nyumbani, kutandaza, na mtu akilisikia mara ya kwanza amekwisha kuona mkono ukifanya kazi. Lakini hapo hapo mfasiri anaagiza matandazo ya maganda ya msonobari. Yuko nani Kibaoni mwenye msonobari uani? Bonde zima ni la mpunga. Pumba na majani makavu ya mpunga hurundikwa kila mahali baada ya mavuno, na kazi ya kufunika udongo huifanya vizuri. Kufasiri jina la kitu pasipo kufasiri kitu chenyewe ni nusu ya kazi.

Niliahidi kulirudia neno kaskazini. Kijitabu chaagiza kwamba mimea isiyopenda joto ipandwe upande wa kaskazini wa nyumba, penye kivuli. Kwa mwandishi ni sahihi, maana kwake jua la adhuhuri huwa kusini siku zote. Ifakara iko nyuzi 8 hivi kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini pale mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, na ukuta wa kaskazini ndio uchomwao. Katika miezi ya joto iliyobaki jua hulalia kusini kidogo tu, na ukuta hautoi kivuli cha maana adhuhuri. Kinachofaa hapo ni mti au kichanja cha makuti juu ya kitalu, na kivuli cha mti ulio magharibi, ambao huzuia jua la alasiri. Hapa pia maneno yote yalikuwa sahihi, na kaskazini ilikuwa kaskazini.

Mtu asidhani kwamba nalaumu kila kinachotoka nje, wala kwamba nataka kila neno liwe la zamani. Wakulima wenyewe hubuni, tena kwa haraka kutushinda. Nondo mdogo wa nyanya mwenye asili ya Amerika ya Kusini alipothibitishwa kuingia nchini mwetu 2014, akaanza kula majani na matunda, hasa nyakati za ukavu na joto, hawakungoja kikao cha istilahi. Walimwita kantangaze, na jina hilo likaenea kutoka shamba hadi shamba, na leo hata wataalamu wanalitumia. Mfano mwingine ni kuoza kitako, ugonjwa wa nyanya unaotokea tunda linapokosa chokaa ya kutosha kwa sababu ya kumwagiliwa leo na kusahauliwa kesho. Jina hilo laonyesha mahali penye dalili, na mkulima akiligeuza tunda huona kitako kimekuwa cheusi. Linganisha na bakajani chelewa, ambalo limefuata neno la Kiingereza kwa karibu mno. Mkulima akisikia chelewa hudhani ugonjwa huja mwishoni, naye hapulizi dawa mapema; kumbe hali ya hewa ikiwa ya baridi na unyevu, ugonjwa huo huweza kuufagia mche ungali mchanga.

Lugha zetu za jirani nazo zinayo majibu ambayo Kiswahili sanifu kimechelewa kuyapokea. Kule juu, Iringa na Njombe, bustani zinazolimwa mabondeni wakati mvua zimekwisha, kwa unyevu uliobaki ardhini, huitwa vinyungu. Kule chini, Rufiji, ambako maji ya Kilombero huishia kupita, kilimo kinachofuata mafuriko yanaporudi huitwa mlau. Kibaoni iko katikati ya majina hayo mawili, na kazi ni hiyohiyo: maji yakipungua Juni, watu hushuka na mbegu. Katika maandishi ya serikali hayo yote huitwa kilimo cha kiangazi, jina ambalo halitofautishi anayetumia unyevu wa mafuriko na anayemwagilia kwa ndoo. Najua kwamba vinyungu ni neno lililopata sifa mbaya maofisini, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sheria ilikataza mahali, haikukataza neno. Tena afisa anayetaka kueleza mwisho wa mita 60 ataeleweka upesi akiwa na jina la kile anachokizungumzia.

Nilimrudishia mwalimu kijitabu chake pamoja na karatasi mbili. Pale palipokuwa na onyo la nyanya niliandika kwamba nyanya zisizo za aina inayostahimili joto zioteshwe kitaluni kuanzia mwisho wa Aprili, mahali palipoinuka pasipofikiwa na maji, ili zichanue Juni na Julai usiku ungali baridi. Pale palipokuwa na kabichi na saladi za vuli niliandika Mei na Juni. Kwa Novemba hadi Februari niliacha mboga ambazo watu wa pale hawahitaji kuambiwa na mtu: mchicha, bamia, matembele, majani ya kunde, bilinganya, na upande wa maua niliacha zinia, kwani hupenda jua. Mafunzo yote ya matandazo, kivuli na kumwagilia jioni niliyahamishia kwenye siku za joto na ukavu, Septemba mpaka mvua zishuke, na tena kila mvua inapokatika Januari na Februari.

Alinijibu baada ya wiki mbili. Alisema karatasi amezibandika ndani ya jalada, na kwamba wanafunzi wameanza kukusanya pumba. Ila alikuwa ameona mahali nilipopitiwa. Katika ukurasa wa mipapai na michungwa neno machipuko lilikuwa limebaki kama lilivyo, nami sikuligusa. Alilizungushia duara kwa penseli, na pembeni akaandika: "Huku miti huchipua mvua zikianguka. Niandike Desemba?"